Deni la Kale na Daftari Lake

Mali bila daftari, walisema wazee wetu, hupotea bila habari. Methali hiyo ni ya wafanya biashara, na hapana mwenye duka aliyewahi kuikana. Lakini wazee hawakutuambia habari za daftari lenyewe. Je, jambo likiisha kuandikwa humo, lidumu muda gani? Jina la mtu aliyekopa akashindwa kulipa likae humo mwaka mmoja, miaka 10, au mpaka siku atakapotiwa kaburini? Swali hili laonekana dogo, nalo ni moja katika maswali ya kale kabisa ya historia ya sheria. Mataifa mengi yamejaribu kulijibu, kila moja kwa namna yake, na majibu mengine yameleta faraja na mengine yameleta machozi. Katika insha hii tutayafuata majibu hayo tangu nchi ya Babeli hata kufika kwetu Kenya, ambako swali lenyewe limerudi kwa nguvu mpya na kuwakuta vijana wengi wangali mlangoni mwa maisha.

Safari yetu yaanzia katika bonde la mito miwili, Frati na Hidekeli, katika nchi ambayo leo huitwa Iraki. Watu wa huko hawakuwa na karatasi. Walichukua udongo wa mfinyanzi ulio laini, wakauchora kwa ncha ya tete, kisha wakauacha ukauke. Juu ya vibao hivyo waliandika sheria na habari za wafalme, lakini waliandika pia hesabu nyingi sana: fulani amepokea kwa fulani shayiri kadha wa kadha, atairudisha wakati wa mavuno pamoja na riba yake, na mashahidi ni fulani na fulani. Deni lilipolipwa, kibao kilivunjwa. Basi kibao kizima kilikuwa deni lililo hai, na kibao kilichovunjika kilikuwa deni lililokufa.

Mfalme Hammurabi, aliyetawala Babeli tangu mwaka 1792 hata 1750 kabla ya Kristo, aliweka sheria zilizochongwa katika jiwe, na jiwe hilo lipo hata leo katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris. Katika sheria hizo imo moja isemayo kwamba mkulima mwenye deni, ikiwa dhoruba imeliharibu shamba lake au mvua imekosa kunyesha, hatalipa nafaka mwaka ule wala hatatozwa riba ya mwaka ule. Imo na nyingine isemayo kwamba mtu akibanwa na deni hata akamtoa mkewe au mtoto wake kwenda kutumika nyumbani kwa mdai, watatumika miaka 3, na mwaka wa 4 watapewa uhuru wao. Sheria hii yatutia uchungu tunapoisoma, maana mtoto hakukopa kitu. Walakini ndani yake mna wazo lenye maana kubwa: kwamba hata utumwa wa deni lazima uwe na kikomo.

Mfalme wa 4 baada ya Hammurabi, jina lake Ammi-saduqa, alikwenda mbele zaidi. Karibu na mwaka 1646 kabla ya Kristo alitangaza amri ya kufuta madeni ya shayiri na ya fedha waliyokuwa nayo wananchi. Msomaji asidhani kwamba mfalme alifuta kila deni bila kupambanua. Mkopo wa mtu aliyekopa ili apate chakula au mbegu ulifutwa, bali mkopo wa mfanya biashara aliyechukua mtaji ili asafiri na kupata faida uliachwa vile vile, naye alitakiwa alipe. Tena mdai aliyejaribu kuuficha mkopo kwa hila, akauita mauzo au amana ili usifutwe, alitishiwa adhabu kali. Wafalme hao walikuwa na huruma, lakini walikuwa na hesabu zao pia. Mkulima aliyekuwa mtumwa wa mdai hakulima shamba lake mwenyewe, hakulipa kodi kwa mfalme, wala hakupatikana vitani. Nchi yenye wadaiwa wengi waliofungwa ilikuwa nchi isiyo na raia.

Karne nyingi baadaye mashaka kama hayo yaliwapata Wayunani wa mji wa Athene. Huko wakulima walikopa kwa matajiri, na katika mashamba yao yalisimamishwa mawe kuonyesha kwamba ardhi ile imo katika dhamana. Jiwe lilikuwa daftari la wazi: kila apitaye njiani aliona aibu ya mwenye shamba. Aliyeshindwa kulipa aliweza kuuzwa yeye mwenyewe, na wengine waliuzwa hata nchi za mbali, wakakaa huko mpaka wakaanza kuisahau lugha yao. Mwaka 594 kabla ya Kristo mji ulikaribia kupigana wenyewe kwa wenyewe, ndipo watu wakamchagua Solon awe mwamuzi. Solon aliyang'oa mawe yale, akafuta madeni, akakataza mtu asiweke tena mwili wake kuwa rehani. Wayunani waliliita tendo lake jina lenye maana ya kutua mzigo.

Lakini wanahistoria wa kale wanasimulia jambo jingine pia. Inasemekana baadhi ya rafiki zake Solon walipata habari za amri ile kabla haijatangazwa, wakaenda mbio kukopa fedha nyingi na kununua mashamba. Amri ilipotoka, walibaki na mashamba na deni halipo. Tukio hilo litufunze kwamba msamaha nao una wezi wake. Anayefuta daftari lote kwa mkupuo humwokoa maskini, na papo hapo huweza kumnufaisha mjanja ambaye hakuwa na shida yoyote.

Labda msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya nchi za mbali. Basi na tuje pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Hapa biashara ya mikopo ni ya siku nyingi, na pamoja na Uislamu yalikuja mafundisho yake juu ya madeni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile iagizayo kwamba deni la muda liandikwe, tena mbele ya mashahidi. Na karibu nayo, katika sura ile ile, iko aya nyingine iagizayo kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula hadi apate wasaa, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Kuandika kumeagizwa, na kungoja kumeagizwa. Mfanya biashara wa Lamu, Mombasa au Unguja aliyajua maagizo hayo mawili pamoja.

Katika karne ya 19 misafara ya kwenda bara kutafuta pembe za ndovu ilitegemea mikopo kabisa. Mwenye msafara hakuwa na fedha za kununua nguo, shanga, nyaya za shaba na bunduki, wala ujira wa wapagazi. Alizipata kwa wafanya biashara wa Unguja, ambao wengi wao walikuwa Wahindi. Mmoja wao aliyejulikana sana ni Taria Topan. Huyu ndiye aliyemkopesha Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye twamjua zaidi kwa jina la Tippu Tip. Safari yake kubwa iliyoanza karibu na mwaka 1870 ilimpeleka mpaka ndani ya Kongo, na hakurejea pwani hadi mwaka 1882. Msomaji na afikiri: mali ilitoka, na mdai akangoja takriban miaka 12. Kilichomtuliza moyo kilikuwa daftari lake, sifa za yule aliyemkopesha, na barua zilizokuja na misafara. Lakini tusisahau kwamba gharama ya biashara ile haikuandikwa yote katika daftari hilo. Pembe zile zilipatikana kwa vita na kwa kuwatia watu utumwani, na watu hao hawakuwa na daftari la kuwadai waliowadhulumu.

Pwani hiyo hiyo iliona deni la namna nyingine, lililo chungu zaidi. Njaa ilipoingia katika nchi ya Wamijikenda, kama ilivyoingia mwaka 1884, wazazi waliokosa chakula waliwaweka watoto wao au jamaa zao rehani kwa watu wa pwani ili wapewe nafaka. Kwa desturi mtu aliyewekwa rehani alikuwa akingojea kukombolewa, naye hakuhesabiwa kuwa mtumwa. Walakini njaa iliyodumu iliwazuia wengi wasirudi na malipo, miaka ikapita, na baadhi ya watoto hao wakageuzwa watumwa. Hapakuwa na maandishi ya kusema deni lilikuwa pishi ngapi za mahindi, wala hapakuwa na siku iliyowekwa kuwa mwisho wake. Hapo twaona ubaya wa deni lisilo na daftari: mwenye nguvu ndiye anayelikumbuka apendavyo.

Sasa na tuitazame Uingereza, kwa maana sheria zetu nyingi za leo zina mizizi yake huko. Mwaka 1623 Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyosema kwamba mwenye kudai deni la kawaida lazima apeleke shauri lake mahakamani kabla ya kupita miaka 6. Akichelewa, mlango wa mahakama hufungwa. Sababu zake ni rahisi kueleweka. Baada ya miaka mingi mashahidi hufa, stakabadhi hupotea, na mtu aliyekwisha lipa hana njia ya kuthibitisha kwamba alilipa. Mdai aliyelala juu ya haki yake muda mrefu asimwamshe mwenzake ghafula kwa dai ambalo hakuna awezaye tena kulipima.

Sheria ile ilikuwa ya busara, lakini mkono mwingine wa sheria ulikuwa wa chuma. Katika Uingereza ile ile mdaiwa aliweza kutiwa gerezani kwa ajili ya deni tu, na kukaa humo mpaka alipe au apatane na wadai wake. Mwaka 1824 karani mmoja, jina lake John Dickens, alifungwa katika gereza la Marshalsea, mjini London, kwa sababu ya deni la paundi 40 na shilingi 10 alilodaiwa na mwoka mikate. Mwanawe Charles, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa amekwisha pelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha dawa ya viatu, akibandika vibandiko katika vyungu vya dawa hiyo kutwa kucha. Baba alitoka baada ya miezi michache alipopata urithi. Mtoto naye alikua akawa mwandishi mashuhuri, na magereza ya wadaiwa yakaingia katika vitabu vyake. Kosa la adhabu ile laonekana mara moja: mtu akifungwa hawezi kufanya kazi, na asipofanya kazi hawezi kulipa. Mwaka 1869 Bunge liliondoa sehemu kubwa ya desturi ya kuwafunga watu kwa ajili ya madeni. Kumbukeni kosa hilo, maana tutakutana nalo tena.

Kutoka Uingereza na tuvuke bahari mpaka Marekani. Katika miaka ya 1830 nchi ile ilikuwa bado nchi ya vijiji vidogo. Katika kijiji cha New Salem, jimbo la Illinois, kijana mmoja aliingia ubia wa duka na mwenzake, William Berry. Kijana huyo alikuwa Abraham Lincoln. Mali ya duka waliichukua kwa hati za ahadi, na biashara haikwenda. Duka lilikufa, na mwaka 1835 Berry naye akafa, akimwachia Lincoln mzigo wa ubia mzima, uliofika kama dola 1,100. Fedha hizo zilikuwa nyingi mno kwa kijana asiye na mali, hata yeye mwenyewe kwa mzaha aliliita deni lile deni la taifa. Mdai mmoja alikwenda mahakamani, na farasi wa Lincoln pamoja na vyombo vyake vya kupimia ardhi, ambavyo ndivyo vilivyompa chakula, vikauzwa katika mnada. Jirani yake mmoja, mkulima, alivinunua, kisha akamrudishia.

Katika siku zile watu wengi waliofilisika walifunga mizigo yao usiku wakahamia magharibi, mahali ambapo hapana aliyewajua. Lincoln alibaki. Aliwaendea wadai wake, akapatana nao kulipa kidogo kidogo, na kazi ya kumaliza ilimchukua miaka mingi. Inasimuliwa kwamba hata alipokuwa mjumbe wa Bunge, tangu 1847 hata 1849, alikuwa angali akituma sehemu ya mshahara wake kulipia deni la duka lililokufa zamani. Sifa ya uaminifu iliyomfuata hata alipokuwa Rais ilikuwa na mizizi katika miaka hiyo. Lakini tutazame vizuri. Lincoln aliweza kulipa kwa sababu wadai walikubali kungoja, na kwa sababu jirani alimrudishia vyombo vyake vya kazi. Bidii ya mdaiwa peke yake isingalitosha.

Katika New Salem daftari la sifa lilikuwa macho ya majirani. Miji ilipokua, macho ya majirani hayakutosha tena. Mfanya biashara wa New York aliombwa mali kwa mkopo na mwenye duka aliyekaa maili mia kadha, ambaye hajapata kumwona. Mwaka 1837 biashara ya Marekani ilianguka, na mmoja katika walioumia alikuwa Lewis Tappan, aliyefanya biashara ya hariri pamoja na ndugu yake. Mwaka 1841 Tappan alianzisha ofisi mpya, iliyoitwa Mercantile Agency. Kazi yake ilikuwa kukusanya habari za wafanya biashara wa nchi nzima: nani ana mali, nani hulipa kwa wakati, nani ni mlevi, nani amefilisika zamani. Habari hizo zililetwa na mawakala, wengi wao wakiwa wanasheria wa miji midogo, zikanakiliwa kwa mkono katika madaftari makubwa. Zaidi ya madaftari 2,500 ya ofisi hiyo yamehifadhiwa mpaka sasa katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Daftari hilo lilikuwa na faida kubwa. Mtu mwaminifu wa kijiji cha mbali aliweza kupata mali kwa mkopo kutoka mji mkuu bila kuwa na ndugu huko. Lakini lilikuwa na hatari pia, maana aliyeandikwa hakuona yaliyoandikwa. Katika mji wa Norwalk, jimbo la Ohio, mwenye duka mmoja, jina lake Beardsley, alikuta wafanya biashara wa New York wamemfungia milango. Ofisi ile ilikuwa imeeneza habari kwamba mkewe anataka talaka na kwamba mali yake yaelekea kuhamishwa. Beardsley alimshtaki Tappan. Jopo la raia walioapishwa lilimpa fidia ya dola 10,000, lakini ofisi haikukubali, na mwaka 1870 Mahakama Kuu ya nchi ikaibatilisha hukumu ile. Basi kwa miaka mingi daftari liliweza kumwangusha mtu, naye asiwe na njia nyepesi ya kulisahihisha.

Ilipita karne nzima kabla ya dawa kupatikana. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria juu ya ofisi zenye kuhifadhi habari za mikopo ya watu. Sheria hiyo ilimpa raia haki ya kujua yaliyoandikwa juu yake, na haki ya kuyapinga akiona si kweli. Tena iliweka mwisho: kwa kawaida habari ya deni lisilolipwa haiwezi kuendelea kutangazwa baada ya miaka 7. Kwa miaka mamia Babeli walivunja kibao deni likilipwa. Sasa sheria ilisema kwamba hata kibao ambacho hakikuvunjwa kwa malipo, kitafika siku kiwekwe kando.

Sasa tumefika kwetu. Zamani za ukoloni Mwafrika wa Kenya alikuwa na shida iliyo kinyume: hakuwa na daftari kabisa. Sheria ya mwaka 1948 ilizuia wafanya biashara kumkopesha Mwafrika mali iliyozidi thamani ya shilingi 200 bila kibali. Serikali ilidai kwamba yamlinda, lakini matokeo yake yalikuwa kumfungia njia ya mtaji wakati wenzake wa mataifa mengine wakiipita. Asiye na historia ya kukopa na kulipa haaminiwi, na asiyeaminiwa hapati nafasi ya kuiandika historia hiyo. Kwa hiyo tusiliite daftari adui.

Katika karne hii ya 21 hali iligeuka upesi. Mwaka 2008 zilitungwa kanuni za kuziongoza ofisi za taarifa za mikopo, ambazo Wakenya huziita kwa herufi zake, CRB, na mwaka 2010 ofisi ya kwanza ikapewa leseni na Benki Kuu. Mwishoni mwa mwaka 2012 ukaja mkopo wa simu ya mkononi. Mtu aliyekuwa hajakanyaga mlango wa benki aliweza kukopa akiwa amelala kitandani, na fedha zikamfikia kabla hajageuka upande. Ilikuwa baraka kwa mama mwenye kibanda cha mboga aliyetaka mtaji wa asubuhi. Ilikuwa mtego kwa kijana aliyekopa ili acheze kamari. Wengi walioshindwa kulipa mikopo midogo midogo walijikuta wameandikwa katika daftari moja na wenye madeni ya mamilioni.

Hapo ndipo kosa la Marshalsea lilipotaka kurudi. Waajiri wengi, hasa wa serikali, wamekuwa wakimtaka mwombaji kazi aonyeshe cheti cha CRB cha kuthibitisha kwamba hana deni baya. Kijana aliyemaliza chuo na kukopa wakati wa kutafuta kazi huambiwa hawezi kuajiriwa kwa sababu ana deni, naye hawezi kulipa deni kwa sababu hajaajiriwa. Gereza la London lilikuwa na kuta za mawe. Hili halina ukuta wowote, walakini mfungwa wake yu mahali pale pale. Kanuni mpya za mwaka 2020 zilikataza mtu asiandikwe vibaya kwa deni lililo chini ya shilingi 1,000. Mwezi wa Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango ambao mabenki yangewapunguzia wadaiwa wa mikopo ya simu nusu ya deni, na salio lilipwe kwa muda wa miezi 6. Ammi-saduqa angaliuelewa mpango huo, na wadai wa Athene pia wangaliuelewa.

Basi mtu aliye na deni la kale afanye nini? Historia yampa mashauri kadha. Kwanza, na alisome daftari. Kanuni zetu zampa kila mtu haki ya kupata taarifa yake mara moja kwa mwaka bila malipo, na haki ya kupinga lisilo kweli, na ofisi inapaswa kulichunguza. Beardsley hakuwa na haki hiyo. Sisi tunayo, na ni hasara kutoitumia. Pili, na azijue saa mbili zisizokwenda pamoja. Saa ya kwanza ni ya mahakama: kwa sheria ya Kenya, kama ile ya 1623, deni la mkataba hudaiwa kortini kabla ya miaka 6 kupita, lakini mdaiwa akilikiri deni kwa maandishi au akilipa sehemu yake, miaka hiyo huanza kuhesabiwa upya. Saa ya pili ni ya daftari: habari mbaya hukaa miaka 5 tangu siku deni lilipokwisha kulipwa. Wengi hukosea hapa. Hudhani kwamba wakinyamaza, jina litajifuta lenyewe, kumbe saa haijaanza hata kutembea. Tatu, na afanye kama Lincoln, amwendee mdai kabla mdai hajamjia, wapatane kiasi anachoweza, na mapatano yaandikwe. Akiisha kumaliza, adai stakabadhi na cheti cha kuonyesha kwamba amemaliza, maana Babeli hakuna aliyeondoka kabla kibao hakijavunjwa mbele ya macho yake.

Dawa ya deni ni kulipa, wazee walisema, na historia yote tuliyoipitia haikuwakanusha. Hata wafalme waliofuta madeni ya shayiri walimwacha mfanya biashara alipe. Lakini historia imeongeza neno moja juu ya methali hiyo: dawa haimponyi mgonjwa aliyefungwa mikono asiweze kuinywa. Mdaiwa ana wajibu wa kulipa. Mwenye daftari ana wajibu wa kuandika kweli, kumsikiliza aliyeandikwa, na kujua siku ya kulifunga. Karne kwa karne, mahali palipopungua mojawapo ya mambo hayo, deni liligeuka utumwa. Ninyi mnaosoma insha hii huenda mkakopa kesho kwa kubonyeza kidole kimoja, na huenda keshokutwa mkawa ninyi ndio wenye kushika daftari. Siku hiyo mkumbuke yule mtoto wa miaka 12 akibandika vibandiko kiwandani, na yule jirani wa New Salem aliyerudisha vyombo vya kazi.